Kabla kiti cha magurudumu hakijawa kiota cha kuku

Hapa Uganda, pita nyuma ya nyumba kati ya Tororo na Busia, au katika vijiji vya makazi ya wakimbizi kule Nakivale na Kyaka II, hutakosa kukiona: kiti cha magurudumu kimeegemezwa ukutani, gurudumu moja halina tyubu, turubai la kukalia limechanika, na kuku anaatamia humo. Mwenye kiti yuko ndani, mkekani. Majirani husema familia haikukitunza. Mara nyingi wanaionea familia hiyo bure. Kiti kilianza kufa siku kilipokabidhiwa, kwa sababu kilitolewa kama sukari ya msaada, kila mtu na fungu lake, bila yeyote kumpima wala kumuuliza anapitia wapi kwenda chooni.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti vya kusukuma kwa mkono katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo uligawa kazi katika hatua 8: rufaa na miadi, tathmini, kuamua aina na vipimo vya kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kukijaribisha mwilini mwa mtu, kumfundisha yeye na mlezi wake, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Kwenye zile hafla za kugawa viti, za hema, hotuba na picha, hufanyika hatua ya nne tu. Saba zilizobaki huachiwa jamii, na jamii haijaambiwa. Haya hapa ni kwa ajili ya wanaoachiwa: VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji, wana chama cha watu wenye ulemavu, mama mwenye mtoto asiyeweza kukaa, na fundi baiskeli wa pale njia panda.

Nani anahitaji kiti gani

Anza na maswali kabla ya futi. Mchana unakaa wapi? Soko liko mbali kiasi gani, na njia ina mchanga, mawe au tope? Nani anakuinua, na yeye mgongo wake una hali gani? Ukikalia jiwe dogo, unalisikia?

Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengi. Mtu mzima ambaye miguu yake iliathiriwa na polio husikia maumivu kama mtu mwingine yeyote. Akikaa vibaya, mwili humwambia asogee. Aliyeumia uti wa mgongo, kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka mwembeni, haambiwi kitu. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Hawa wawili usiwape kiti bila mto wa kupunguza mgandamizo hata kwa wiki moja, eti mto utakuja baadaye. Bora wasubiri vyote viwili.

(Kwa kuwa tumemtaja mtoto wa mgongo wazi: kichwa chake kipimwe mzingo kila mwezi. Kikikua haraka, au macho yakielekea chini kama jua linalotua, huyo si wa kiti kwanza. Ni wa hospitali ya CURE pale Mbale, na asikawie.)

Kiti cha kukunja cha magurudumu manne, chenye turubai linaloning'inia na vigurudumu vyembamba vya mbele, kiliundwa kwa sakafu ya hospitali. Kwenye barabara ya murram, yaani ya udongo wa changarawe, kigurudumu cha mbele huingia kwenye shimo, kiti husimama, mtu huendelea na safari peke yake, kifudifudi. Kiti cha magurudumu matatu, chenye fremu ndefu na gurudumu moja kubwa mbele, hupita kwenye mawe na tope bila kubinuka kirahisi. Ubaya wake ni chumbani: huhitaji nafasi kubwa kugeuka, na gurudumu la mbele huzuia kusogea karibu na meza. Mtu wa shamba na barabara ya kijiji kinamfaa hicho. Anayeshinda ndani ya duka dogo pale Malaba atakichukia.

Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono ni chombo cha mwendo mrefu: soko, shule, kanisani, msikitini. Inataka mabega yenye nguvu na kiwiliwili kinachojishikilia chenyewe. Haiingii ndani ya nyumba, kwa hiyo mwenyewe atahitaji njia nyingine ya kusogea akifika. Usimpe mtu anayeegemea upande akikaa. Ataanguka kwenye kona ya kwanza.

Mtoto wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo, ukimweka kwenye kiti cha mtu mzima, ni kikombe ndani ya karai: anabingirika upande mmoja na kubaki hapo, na baada ya miaka michache uti wa mgongo umejipinda kufuata mkao huo. Yeye anahitaji kiti chenye mihimili ya pembeni, pengine na cha kichwa, na kinachorekebishwa anapokua. Hospitali ya CoRSU pale Kisubi na Katalemwa Cheshire Home, Kampala, hushughulika sana na watoto wa aina hii, na karakana za mifupa zipo pia katika hospitali za Mulago, Gulu, Mbale na Fort Portal. Wakati mnasubiri zamu, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao cha nyumbani, au mnaweza kukijenga kwa tabaka za maboksi zilizobandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, zikakaushwa kabisa, halafu zikapakwa rangi ya mafuta. Bila rangi, mkojo wa usiku mmoja huyarudisha maboksi kuwa uji. Nyonga zikunjwe kwa pembe mraba, nyayo zikanyage ubao, mbele pawe na meza ndogo ya kuegemeza mikono. Mkanda upite juu ya nyonga ukielekea chini na nyuma, kiasi cha nyuzi 45, wala usipite tumboni. Mkanda wa tumboni humfanya ateleze chini mpaka ukamfikia shingoni.

Kupima

Vifaa ni futi ya fundi cherehani, benchi gumu la mbao, vitabu viwili vya jalada gumu, na watu wawili. Anayepimwa akae wima kwenye benchi. Kitandani usimpimie, godoro linazama na vipimo vyote vinadanganya. Nyayo zikanyage chini sawasawa. Zisipofika, weka matofali mpaka mapaja yalale sambamba na benchi. Avae viatu anavyovaa kila siku.

Upana wa nyonga: simamisha kitabu kimoja kila upande wa nyonga, kiguse bila kubana, pima nafasi iliyo kati ya vitabu. Futi isizungushwe kufuata mviringo wa paja. Hapo ndipo viti vinapozidi sentimita tano bila mtu kujua. Namba hiyo ndiyo upana wa kiti.

Urefu wa paja: simamisha kitabu nyuma ya makalio, pima kwa mstari ulionyooka mpaka nyuma ya goti. Pima miguu yote miwili, maana baada ya polio au kuvunjika nyonga mmoja huweza kuwa mfupi, kisha tumia ulio mfupi. Toa sentimita 3 kwa mtoto, hadi 6 kwa mtu mrefu. Hiyo ndiyo kina cha kiti.

Muundi: kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino. Hiki ni kimo cha kutoka juu ya mto hadi kwenye kikanyagio. Mwisho, mgongo: kutoka benchi hadi ubavu wa chini kabisa kwa mtu mwenye nguvu ya kiwiliwili, au hadi ncha ya chini ya bega la nyuma kwa anayechoka haraka.

Kwa mfano, mwanamke mwenye nyonga ya sentimita 36, paja 47 na muundi 40 anahitaji kiti cha upana 36, kina cha 41 au 42, na kikanyagio kilicho sentimita 40 chini ya uso wa mto. Nasema uso wa mto kwa makusudi. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kupima kila kitu kutoka kwenye turubai, kisha mto wa sentimita 7 unawekwa juu yake. Mtu anapanda sentimita 7, miguu inaning'inia, mgongo wa kiti unakuwa mfupi, na magurudumu ya kusukuma yanakuwa mbali chini. Halafu mto unatupwa, kwa sababu “unamsumbua.”

Kila kosa la kipimo lina ugonjwa wake. Kiti kipana mno humfanya aegemee upande mmoja na kutanua mikono ili afikie magurudumu. Baada ya mwaka mabega yanauma, na kiti chenyewe hakipiti mlangoni. Kiti chenye kina kirefu mno humfanya ateleze mbele apate kukunja magoti, akakalia mfupa wa mkia badala ya makalio, na kidonda hutokea hapo. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote huhamia kwenye mifupa miwili ya kukalia. Kikiwa chini mno, miguu huvuta mapaja na ukingo wa mto hukata damu nyuma ya goti.

Akishakaa kwenye kiti chenyewe, vidole vyako ndivyo futi. Kati ya ukingo wa mto na nyuma ya goti viingie vidole viwili. Kiganja kipite kati ya nyonga na ubavu wa kiti kwa kugusa kidogo tu. Pasiwe na nafasi tupu kati ya paja na mto. Mikono ikining'inia, ncha za vidole zifike usawa wa ekseli ya gurudumu la nyuma. Akishika pete ya kusukumia kwa juu, kiwiko kikunjike kama pembe ya mraba. Kisha asukume mita kumi na umwangalie. Mtu hukaa vizuri akijua anatazamwa, ila akianza kazi mwili hurudi kwenye mkao wake wa kweli.

Mto ni nusu ya kiti

Mifupa miwili ya kukalia hubeba uzito mwingi mahali padogo. Damu ikizuiwa hapo kwa muda mrefu, nyama hufa kuanzia ndani, jirani na mfupa, kabla ngozi haijaonyesha kitu. Ndiyo maana mtu huona alama ndogo kama shilingi leo, na baada ya siku nne kuna shimo.

Mto mzuri unaweza kutengenezwa mjini kwa sponji za fundi makochi. Chini weka sponji ngumu, ile ya vipande vilivyogandishwa pamoja, unene wa sentimita 5 hadi 6. Tafuta mifupa ya kukalia ilipo: paka chaki makalioni juu ya nguo, mkalishe, muinue, tazama alama. Hapo chonga bonde la kina cha sentimita 3 hivi, kuanzia ukingo wa nyuma hadi mbele kidogo ya alama, lenye upana wa kuchukua mifupa yote miwili. Pande zake zibaki nzima ili zibebe mapaja na nyonga, na kizingiti cha mbele kizuie kuteleza. Juu yake laza sponji laini ya sentimita 2 na nusu. Gundi isipakwe bondeni, maana ikikauka hugeuka kigae.

Sasa jaribu. Mtu akiwa amekaa kama kawaida, ingiza vidole, kiganja kikiangalia juu, mpaka chini ya mfupa wa kukalia. Kama ncha za vidole zinaweza kuchezacheza juu na chini nusu sentimita, mto ni salama. Kama haziwezi kucheza lakini zinatoka kwa urahisi, ongeza kina cha bonde. Kama zimebanwa na kuzitoa ni kazi, basi hapo hakuna mto, hata ukiwa mnene namna gani. Pima pande zote mbili, kwani mwenye nyonga iliyoinama huumia upande mmoja tu.

Pamba na sufi hukandamizika kwa wiki chache zikawa ubao. Tyubu ya gari iliyojazwa upepo, ile ya mviringo wenye tundu katikati, bado inashauriwa na watu wema wengi. Usiitumie. Pete yake hukata damu kuzunguka pale pale unapotaka kupakinga. Kipande cha godoro kuukuu ni bora kuliko turubai tupu, ila kifanyie jaribio la vidole kila wiki, kwani sponji ya godoro hufa haraka.

Kitambaa cha juu kiwe cha kuvutika na chepesi kufuliwa, na viwe viwili, kimoja kikifuliwa kingine kinavaliwa. Plastiki iliyovutwa kwa nguvu huzuia mwili kuzama kwenye bonde, kwa hiyo kama unakinga mkojo, plastiki iwe nyembamba na iliyolegea, chini ya kitambaa. Sponji isianikwe juani. Jua huifanya ivunjike kama mkate mkavu. Ianikwe kivulini penye upepo.

Ngozi

Asubuhi na jioni, kila siku, kioo kidogo au macho ya mtu anayeaminika: mfupa wa mkia, makalio, nyonga pembeni, visigino. Vitabu husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipokolea kuliko pengine, panapong'aa, penye joto ukigusa kwa mgongo wa mkono, au pagumu. Bonyeza kwa kidole. Pasipobadilika rangi, hicho tayari ni kidonda cha mgandamizo cha hatua ya kwanza.

Dawa yake ni kutopakalia. Alale kifudifudi au kwa ubavu mpaka alama iishe kabisa, iwe siku moja au saba. Usipakande kwa mafuta; kukanda huchana mishipa midogo iliyokwisha kuumia. Ngozi ikishafunguka, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kidogo kimoja cha chumvi, funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Kikiwa na harufu, kikionyesha mfupa, au homa ikianza, usisubiri siku ya kliniki. Sukari, majivu ya sigara na unga wa vidonge vilivyosagwa vitapendekezwa na kila jirani. Mwambie ahsante, ila usivitie kidondani.

Kinga ni saa. Kila nusu saa, anayeweza aegemee mbele mpaka kifua kikaribie magoti, au aegemee ubavu mmoja kisha mwingine, kwa dakika moja hadi mbili. Kujinyanyua kwa mikono husaidia, lakini wachache humudu kukaa hewani muda wa kutosha damu irudi, na mabega yanachakaa. Asiyeweza peke yake ainamishwe na mlezi. Redio ni kengele nzuri: habari zikianza, inama, zikiisha, geuka.

Fundi baiskeli

Chagua fundi mmoja wa kijiji kabla kiti hakijaharibika, mwonyeshe kiti kizima. Atashangaa jinsi anavyokijua tayari, isipokuwa mambo matatu.

La kwanza ni tairi. Tairi nyingi za viti vya magurudumu zina namba 540 ubavuni. Tairi ya baiskeli ya mtoto ina 507. Dukani zote zinaitwa inchi 24, na haziingiliani. Ukimtuma mtoto Busia akanunue “tairi ya inchi 24”, atarudi na isiyoingia. Andika namba yote iliyo ubavuni. Tairi ya baiskeli kubwa ya mizigo ni inchi 28, hiyo usifikirie hata kidogo. Kama chama kinapata nafasi ya kuchagua viti, kichague vyenye gurudumu linalouzwa soko la karibu. Ukubwa wa inchi 26 wa baiskeli za milimani huwa rahisi kupata.

La pili ni breki. Breki ya kiti ni chuma kinachokandamiza tairi. Tairi ikipungua upepo, breki haishiki, hata kama imerekebishwa jana. Watu huanguka wakihamia kitandani na kulaumu breki, kumbe ni pancha ya polepole. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: isizame zaidi ya nusu sentimita.

La tatu ni kuchomelea. Bomba la fremu ni jembamba kuliko la geti. Fundi wa mageti akitumia vijiti vya milimita 3.2 hutoboa mashimo, kisha huyajaza, na fremu hukatika tena sentimita mbili kando ya kiraka. Tumia vijiti vya 2.5, na pale palipokatika ingiza kipande cha bomba au chuma bapa cha kuimarisha. Mahali panapokatika zaidi ni shingo ya gurudumu la mbele. Kabla ya kukatika hutoa dalili: kigurudumu hutikisika kama mlevi. Ukikiona hivyo, bolti imelegea au beringi imekufa. Beringi zina namba ubavuni, na duka la vipuri vya pikipiki mara nyingi huwa nazo.

Kila wiki futa tope, kaza nati, pima upepo. Kila mwezi gusa spoki moja moja, iliyolegea hutoa sauti ya chini; tia grisi kwenye ekseli. Mafuta ya kupikia hayafai, hukauka yakawa gundi na kunasa vumbi. Sanduku la kijiji liwe na pampu, tyubu mbili za ukubwa sahihi, viraka na gundi yake, spoki kumi, spana namba 10, 13 na 17, chupa ya grisi, na kipande cha turubai chenye uzi wa kushonea viatu. Likae kwa fundi, orodha ikae kwa katibu wa chama. Likikaa kwa mwenyekiti, siku ya pancha mwenyekiti atakuwa amesafiri.

Mlango, njia, choo

Njia ya mteremko kwa kila sentimita 1 ya kimo iwe na sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 20 inataka mteremko wa mita 2 na sentimita 40, si ule ubao mfupi unaowekwa siku ya wageni. Shindilia murram, tia zege jembamba lenye mikwaruzo, inua kingo za pembeni kama sentimita 5 gurudumu lisitoke. Mlango usipungue sentimita 80 wazi. Choo kiwe na mlango unaofunguka nje, maana mtu akianguka ndani mlango wa kufunguka ndani hauwezi kusukumwa. Kugeuza kiti kunahitaji mita 1 na nusu kila upande. Pasipopatikana, aingie mbele na atoke kinyumenyume, na njia ya kutoka isiwe na ngazi.

Fedha

Katika Uganda kuna milango miwili ya serikali inayofaa kujulikana kwa majina. Ruzuku maalumu ya kitaifa ya watu wenye ulemavu huenda kwa vikundi, hadi shilingi milioni 5 kwa kikundi, kwa mradi wa kipato. Njia yake ni afisa maendeleo ya jamii wa gombolola (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya), yule wote wanamwita CDO. Parish Development Model, mpango wa serikali ulioanza Februari 2022, ulipangiwa milioni 100 kwa kila parokia (si ya kanisa, ni ngazi ya utawala iliyo chini ya gombolola), na mgawo wake unatenga asilimia 10 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo wa hadi milioni 1 kwa kaya kupitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, cha parokia. Haulipi kiti. Unaweza kulipa mbuzi, na mbuzi akalipa tairi.

Vikundi hukwama kwa sababu zile zile. Kikundi kinaundwa wiki ya tangazo. Hakina cheti cha kuandikishwa, katiba, akaunti ya benki wala kumbukumbu za vikao. Au majina ya watu wenye ulemavu yamejaa kwenye karatasi huku mradi ukiendeshwa na mashemeji. Anzeni na kuweka akiba ndogo kila wiki, muandike daftari, na baada ya miezi michache daftari hilo litazungumza kuliko barua yoyote. Wanaobaguliwa zaidi ni wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo: mtoto hawezi kuwa mwanachama anayefanya kazi, na mama hahesabiwi kuwa mlemavu. Ulizeni waziwazi kama mlezi anaweza kumwakilisha mtoto, tena muulize kwa maandishi.

Kuna pia madiwani. Sheria inaweka wawakilishi wa watu wenye ulemavu katika mabaraza ya wilaya na ya gombolola, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kazi yao haijaisha siku ya kuapishwa. Mteremko wa kituo cha afya na choo cha shule ni mambo ya bajeti ya baraza, na bajeti hupangwa miezi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Barua ya mwezi wa Juni imechelewa.

Kurudi tena

Mtembeleeni mwenye kiti kipya ndani ya wiki sita. Haya matembezi ndiyo yanayookoa viti vingi kuliko vipuri vyote, na ndiyo yasiyo na mfadhili. Usiulize “kiti kinaendeleaje?” Atajibu vizuri, ndivyo adabu yetu ilivyo. Mwambie: “Mama, nionyeshe unavyotoka kitandani kuja kwenye kiti.” Hapo utaona kama anafunga breki kwanza, kama kikanyagio kinainuliwa, kama mjukuu ndiye anayembeba. Tazama magurudumu: yakiwa hayana vumbi, kiti hakitoki nje. Ingiza vidole chini ya mfupa. Uliza ngozi. Kisha mtoto arudiwe kila miezi mitatu hadi sita kwa sababu anakua, na mtu mzima angalau mara moja kwa mwaka.

Mtoto akikizidi kiti, kirudi chamani, kipimwe mwingine. Kiandikwe kwenye fremu kwa rangi, upana na kina, ili kisije kikapewa mtu kwa kukisia. Na kile kilicho nyuma ya nyumba, kuku akishaangua, kifunguliwe: rimu, ekseli, vigurudumu vya mbele, pete za kusukumia na bolti zake vitiwe kwenye sanduku la fundi. Viti viwili vilivyokufa, fremu moja ikiwa haijaoza kutu, mara nyingi hutoa kimoja kinachotembea.